Vijiti vya bogenvilia vinachipua vizuri, halafu vinakufa. Kwa nini?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Ninaishi Kigamboni, Dar es Salaam. Jirani alipogoa bogenvilia zake mbili, ya zambarau na ya rangi ya chungwa, akanipa matawi. Nilikata vijiti ishirini, nikavichomeka kwenye viriba vyenye udongo mweusi uliochanganywa na samadi, nikaviweka uani penye jua na kuvimwagilia asubuhi na jioni. Baada ya wiki mbili karibu vyote vilikuwa na majani mazuri. Wiki ya nne vikaanza kunyauka kimoja baada ya kingine, na sasa vimebaki viwili. Vilivyokufa nimeving'oa: chini ni vyeusi, mzizi hakuna hata mmoja. Nimekosea wapi? Na vikija kukubali, nifanye nini vitoe maua? Nina bogenvilia moja niliyonunua kitaluni, iko kwenye chungu mwaka wa pili huu, na kazi yake ni majani na miiba tu.

Jibu: Salama, mama. Tuanze na hivyo viwili vilivyobaki, maana vinaweza kupona. Usiving'oe kuvikagua. Vihamishie leo hii kivulini penye mwanga, acha kumwagilia mpaka udongo ukauke kina cha kidole, kisha kila kimoja kifunike kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako. Kizibo kiache juu ya chupa, utakuwa unakifungua kuingiza hewa. Kwaruza kidogo gome kwa ukucha karibu na usawa wa udongo. Ukiona kijani kibichi, kijiti bado ki hai. Ukiona kahawia, kimeshakwisha hata kama majani ya juu hayajajua.

Kosa lako kubwa ni kuamini majani. Kijiti cha bogenvilia kina akiba ya wanga na maji ndani ya mti wake, na kwa joto la Dar macho (vichipukizi vilivyolala kwenye gome) yanaamka kwa akiba hiyo ndani ya siku 10 hadi 14. Mizizi haina haraka hiyo. Inahitaji wiki 6 hadi 10, na kwa aina ngumu hata 12. Kwa hiyo kuna kipindi cha mwezi mmoja au zaidi ambapo kijiti kina majani yanayopoteza maji mchana kutwa, wakati chini hakuna kitu cha kuyarudisha. Mkato wenyewe hufyonza maji kidogo tu. Utaalamu wote wa kuotesha bogenvilia ni kukivusha kijiti katika kipindi hicho bila kukauka juu wala kuoza chini.

Vijiti vyako vilipata yote mawili. Jua la uani liliyakausha majani. Wewe ukaona yananyong'onyea, ukaongeza maji, na udongo mweusi ukayashika mpaka hewa ikaisha ndani ya kiriba. Kidonda kilichokosa hewa ni mlango wazi kwa fangasi, na samadi imejaa vijidudu na chumvichumvi ambazo kijiti kisicho na mizizi hakina kazi nazo. Samadi ni chakula cha mmea uliokwisha kuwa na mizizi. Hapa bado hatujafika huko.

Safari nyingine, ukikuta kijiti kilichokufa, kisome kabla ya kukitupa. Chini kikiwa cheusi, gome linabanduka likibonyezwa na kuna harufu, maji yalizidi. Gome likiwa limesinyaa na kukunjamana, na chini ni kikavu cha rangi ya majani makavu, kilikosa unyevu hewani. Kikiwa kimetafunwa na kujaa udongo ndani, ni mchwa. Kijiti kikavukikavu ndani ya udongo kwao ni karamu, hivyo viriba viweke juu ya matofali au meza, visigusane na ardhi.

Kuchagua mti wa kukata

Hapa ndipo nusu ya kazi inapoamuliwa. Ncha za kijani laini zinavutia kwa sababu zina majani, lakini hazina akiba. Zitanyauka katika siku chache. Shina kuu la kijivu lililopasukapasuka nalo ni gumu, linachelewa sana. Unataka tawi la katikati: gome limeshabadilika kutoka kijani kuwa hudhurungi, ukilikunja linagoma, ukilikwaruza ndani ni kijani kibichi. Unene uanzie penseli mpaka kidole cha shahada. Kwa bogenvilia, kijiti kinene kidogo ni bora kuliko chembamba, kwa kuwa akiba yake ndiyo itakayokilisha hizo wiki sita.

Tawi lililojaa maua liache. Limeshatumia akiba yake kwenye maua, na macho yake mengi hayako tayari kuchipua. Wakati mzuri ni pale mti mama umemaliza kuchanua, maua yanapukutika na macho mapya yanaanza kuvimba. Kwa Dar wakati huo mara nyingi huangukia mwisho wa kiangazi, masika yakikaribia. Unyevu wa hewa wa masika ni msaada mkubwa, ila vijiti viwe chini ya paa au nailoni, visilowe mvua ya mfululizo. Kwa walio kwenye baridi, kama Arusha, Nairobi au Njombe, miezi ya Juni hadi Agosti iacheni ipite. Udongo ukishuka chini ya nyuzi 18 hivi mizizi inasinzia huku fangasi wakiendelea na kazi.

Kata asubuhi na mapema. Mti mama uwe umemwagiliwa jana yake. Matawi yafunge kwenye gunia bichi au gazeti lililoloweshwa. Tawi lililolala juani nusu siku baada ya kupogolewa, kama pengine yalivyokuwa ya jirani yako, limeshapoteza maji kabla hujaanza. Vaa glovu nene, maana miiba yake inachoma kwa kina na jeraha lake huwasha na kuvimba kwa baadhi ya watu.

Kukata na kuchomeka

Mkasi wa kupogolea uwe mkali, na uufute kwa spiriti kabla ya kuanza na kila ukihama mti. Kisu butu kinaponda, na sehemu iliyopondwa ndiyo inayoanza kuoza. Kila kijiti kiwe na urefu wa sentimita 15 hadi 20 na macho manne hadi sita. Chini kata mshazari, nusu sentimita tu chini ya jicho, kwa kuwa mizizi hupenda kutokea kuzunguka jicho. Juu kata bapa, sentimita moja juu ya jicho. Mikato hiyo miwili inakusaidia pia kutochomeka kichwa chini, jambo linalotokea zaidi ya watu wanavyokubali: kijiti kikishatolewa majani na kulazwa mezani na wenzake thelathini, juu na chini vinafanana. Macho yatazame juu.

Ondoa majani yote na maua yote. Miiba ya sehemu itakayoingia udongoni ikate kwa mkasi, usiichane ikatoka na gome. Halafu upande mmoja wa chini, kwenye sentimita mbili za mwisho, kwangua gome jembamba kwa kisu mpaka uone weupe wa kijani. Kidonda hicho cha makusudi huongeza mahali pa mizizi kutokea na dawa huingia vizuri zaidi.

Dawa ya kuotesha mizizi inafaa kununuliwa kwa bogenvilia. Kuna mimea isiyoihitaji, kama mihibiskasi ya kawaida, lakini bogenvilia huonyesha tofauti kubwa. Kwenye maduka ya pembejeo huuzwa kama unga. Angalia lebo, kitu unachotafuta ni IBA, homoni inayochochea mizizi. Unga wa asilimia 0.3 unafaa vijiti vya unene wa penseli, na wa asilimia 0.8 vile vinene na vigumu. Mimina kidogo kwenye kisahani, usichovye ndani ya kopo lenyewe maana unyevu wa vijiti huuharibu. Chovya sentimita mbili za chini zikiwa na unyevu kidogo, gonga kijiti ukingoni unga uliozidi udondoke. Kuzidisha hakuongezi mizizi. Kunaunguza ncha ikawa nyeusi.

Watu watakuambia utumie asali, mdalasini au utomvu wa mshubiri. Asali haina homoni ya mizizi. Inachofanya ni kupunguza vijidudu, na ikibaki nyingi inaita sisimizi. Mdalasini unakausha kidonda, jambo usilolitaka mahali unapotaka mizizi itoke. Mshubiri hauna madhara, lakini usiuweke badala ya IBA ukitegemea matokeo sawa. Kama huna dawa kabisa, chomeka bila kitu, ila ongeza idadi ya vijiti.

Udongo sasa. Changanya ndoo mbili za mchanga mnene wa mtoni na ndoo moja ya usumba wa nazi au pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi bila kugeuka majivu. Basi. Hakuna samadi, hakuna mbolea, hakuna udongo wa bustani. Kwa mtu wa Kigamboni lazima nionye: mchanga wa ufukweni uache ufukweni. Chumvi yake inaua mzizi mchanga siku unapotokeza. Usumba nao uuulizie ulikotoka. Ukiwa umetokana na makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusuka kamba, uloweke maji baridi na kuyamwaga mara tatu kabla ya kuutumia. Mchanganyiko ukiwa tayari, umwagie maji ya moto yanayochemka, uache upoe na kuchuja mpaka kesho yake. Hiyo inapunguza fangasi na mayai ya wadudu kwa gharama ya kuni tu.

Jaza kwenye viriba vyenye matundu au vikombe vya plastiki angavu vilivyotobolewa chini. Napendelea vikombe angavu kwa mtu anayejifunza, kwani mizizi utaiona kwa macho na hamu ya kung'oa itapungua. Toboa shimo kwanza kwa kijiti kingine, vinginevyo unga wa dawa utafutika juu. Ingiza kipandikizi theluthi moja mpaka nusu ya urefu wake, macho mawili yawe chini, kisha bana mchanga kwa vidole kisicheze. Mwagilia mara moja mpaka maji yatoke chini.

Baada ya hapo ndipo subira inapohitajika. Weka penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja: barazani, upande wa kusini au kaskazini mwa nyumba kulingana na msimu, au chini ya neti ya kivuli ya asilimia 50. Funika kwa chupa zilizokatwa, au panga viriba vyote pamoja, kunja fito nusu duara juu yake na uvike nailoni nyeupe angavu. Ndani ya kifuniko hewa inabaki na unyevu, majani yanayochipua hayapotezi maji, na lile pengo la wiki sita linavukika. Kifuniko kisipigwe na jua hata saa moja ya adhuhuri. Ndani yake patageuka jiko. Kila baada ya siku mbili au tatu fungua dakika kumi asubuhi hewa ibadilike, na ufute majani yaliyodondoka kabla hayajaota ukungu.

Maji? Ndani ya kifuniko huenda usimwagilie kwa siku tano hata saba. Ingiza kidole sentimita tatu. Kukiwa na ubaridi wa unyevu, acha. Chukua mchanga wa juu ukaubane kiganjani: ukitoa tone moja uko sawa, ukitiririsha umezidi, ukimeguka kama unga umechelewa. Kwa kawaida watu huua vijiti kwa upendo, na upendo wenyewe huja kwa kopo la maji.

Majani yakitokea, furahi kimoyomoyo na usibadilishe chochote. Usiyakate yote ukidhani unakipunguzia kijiti mzigo. Chini ya kifuniko majani machache yanatengeneza chakula na kupeleka chini homoni ya asili inayosukuma mizizi. Machipukizi yakizidi matatu, bana yaliyo dhaifu. Vichomozi vya maua viondoe bila huruma, kwa sababu bogenvilia iliyo taabani hupenda kuchanua kabla ya kuwa na mzizi, na hilo huimalizia akiba.

Dalili ya mizizi ni ukuaji wa mara ya pili. Majani ya kwanza hutoka, hukua kidogo, halafu kijiti husimama kama kimeganda kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Siku kikianza tena kutoa majani mapya na shina jipya likarefuka, chini kuna kitu. Kwenye kikombe angavu utaona nyuzi nyeupe. Kwenye kiriba zitachungulia matunduni.

Kuhusu rangi za jirani yako, usitegemee zitakubali sawasawa. Zambarau ya kawaida, yenye majani madogo yanayong'aa, ni nyepesi kuota. Za chungwa, nyekundu, zenye maua mapacha yaliyosongamana na zile za majani ya mabaka meupe ni ngumu zaidi, na zina sababu ya kuuzwa ghali. Ukichomeka ishirini za zambarau ukapata kumi na mbili, kazi nzuri. Kwa chungwa, sita kati ya ishirini ningezipongeza. Na ukipata siku moja ile yenye nyeupe na waridi kwenye mti mmoja, iitwayo 'Mary Palmer', chukua kijiti kwenye tawi lililokuwa na rangi zote mbili, la sivyo utaotesha mti wa rangi moja na kumlaumu jirani bure.

Kwa hizo ngumu kuna njia isiyo na pengo hata kidogo, kama jirani atakuruhusu: kulalisha tawi. Chagua tawi la chini linaloweza kukunjwa, upande wa chini lipige mkato wa mshazari urefu wa sentimita tatu, usivuke theluthi ya unene, paka unga wa IBA, lizike sentimita 8 hadi 10 ardhini na kuliwekea jiwe. Ncha ibaki nje. Tawi linaendelea kunywa kutoka kwa mama yake wakati linaota mizizi yake, na baada ya miezi miwili au mitatu unalikata. Unapata mche mmoja badala ya kumi, lakini unaupata.

Kuhamisha bila kuivunja

Kosa la pili linaloua bogenvilia hutokea siku ya furaha. Mizizi yake ni myembamba, inakatika upesi na haishiki udongo pamoja kama ya mimea mingine. Ukikigeuza kiriba na kukitikisa, udongo unamwagika na mizizi inabaki mikononi mwako. Kwa hiyo kwanza subiri: wiki 10 hadi 12 tangu kuchomeka, mizizi imejaa kikombe. Kabla ya kuhamisha, zoeza mche hewa ya nje. Siku ya kwanza fungua kifuniko kwa muda wa saa moja wakati wa jioni, ongeza kidogo kidogo, na baada ya siku 7 hadi 10 ukiache wazi kabisa. Kisha anza jua la asubuhi.

Kiriba kichane kwa wembe pande mbili na chini, kikiwa kimeshakaa ndani ya shimo au chungu kipya, ndipo uvute plastiki pole pole. Chungu cha kwanza kiwe kidogo, kipenyo cha sentimita 15 kinatosha. Chungu kikubwa hubaki na maji mengi ambayo mizizi midogo haiwezi kuyamaliza. Hapa sasa samadi inaruhusiwa: udongo wa juu sehemu tatu, mchanga sehemu moja, samadi iliyooza vizuri au mboji sehemu moja. Mche ukifika sentimita 25 au 30 bana ncha, utoe matawi ya pembeni. Usipobana utapata ufito mmoja mrefu.

Ardhini, chimba sentimita 50 kila upande, mahali penye jua kamili lisilopungua saa sita. Udongo wa kichanga wa Kigamboni unafaa, na upepo wa chumvi bogenvilia huuvumilia. Penye mawe ya matumbawe, kama sehemu nyingi za Unguja na Mombasa, udongo una chokaa nyingi na mmea unashindwa kuchukua chuma: majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Mboji nyingi shimoni inasaidia, na tatizo likiendelea nyunyizia mbolea ya majani yenye chuma. Kama unataka ipande ukuta, panga kamba au waya mapema. Bogenvilia haina vishikizo vya kujinatia kama mimea mingine itambaayo. Miiba yake huisaidia kujiegemeza tu, na upepo wa kusi utaibwaga.

Ile ya chunguni isiyochanua

Miiba uliyoitaja ni ushahidi mzuri. Mwiba wa bogenvilia na kishada cha maua hutoka mahali pamoja, kwenye kikwapa cha jani. Kichipukizi kile kile ndicho kinachoamua kuwa mwiba au kubeba maua. Mmea ulioshiba maji na naitrojeni, unaorefuka kwa kasi, huchagua miiba. Ukiona mti umejaa miiba mirefu, jua umelishwa vizuri kupita kiasi. (Hayo tunayoyaita maua, kwa njia, ni majani yenye rangi, ua lenyewe ni kile kibomba kidogo cheupe katikati.)

Kwenye nchi za mbali na ikweta, siku kuwa fupi ndiyo ishara ya kuchanua. Dar, tofauti ya siku ndefu kabisa na fupi kabisa ya mwaka haifiki saa moja, hivyo ishara hiyo ni hafifu na ukavu ndio unaosikika zaidi. Ndiyo maana bogenvilia za mjini huwaka baada ya masika kukatika, zisipomwagiliwa na mtu, kando ya kuta na vituo vya daladala, huku ya kwako inayotunzwa ikiwa kijani tupu. Mmea huu ulitoka Amerika ya Kusini. Commerson, mtaalamu wa mimea katika msafara wa baharia Mfaransa Bougainville, aliukuta Rio de Janeiro mwaka 1767. Kukaa miezi bila mvua haukuanza kwetu.

Fanya hivi. Kwanza pogoa theluthi moja ya urefu wa matawi, kwa sababu maua hutokea kwenye matawi mapya. Toa kabisa yaliyokufa na yanayokua ndani. Mwagilia kama kawaida wiki mbili au tatu mpaka machipukizi yafike urefu wa kiganja. Hapo anza kuinyima. Usimwagilie mpaka uone majani yanaanza kulegea, yakilegea tu na si kukunjamana, ndipo uipe maji ya kutosha yatoke chini, na urudie. Chungu kikiwa juani, mzunguko huo huwa kati ya siku tatu na saba. Endelea hivyo wiki nne hadi sita. Ukianza kuona rangi kwenye ncha, rudisha maji ya wastani, kwa maana ukavu ukizidi wakati huo vichipukizi vinapukutika.

Mbolea za urea na CAN, zenye naitrojeni nyingi, ziweke kando. NPK 17:17:17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa) inatosha: kijiko kimoja cha chai kwa chungu cha lita 15, mbali na shina, udongo ukiwa na unyevu, mara moja baada ya kupogoa na tena baada ya wiki sita. Samadi mpya kila mwezi, ambayo nahisi ndiyo inayoendelea hapo kwako, ndiyo inayokulimia majani. Usihamishie chungu kikubwa zaidi kwa sasa pia. Bogenvilia huchanua vizuri mizizi ikiwa imebanana, na ukiipa nafasi itatumia mwaka mzima kuijaza.

Wadudu hawaisumbui sana. Viwavi vya kijani hula kingo za majani usiku, na mchana hutawaona kwa kuwa wanafanana na kijiti; washike kwa mkono saa mbili usiku kwa tochi. Vidukari kwenye ncha laini vioshe kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande. Kabla ya kufikiria dawa kali, angalia kama umepunguza naitrojeni, kwani majani laini yaliyoshiba ndiyo wanayoyafuata.

Ukishapogoa, ukanyima maji na kuacha samadi, na wiki kumi zikapita bila rangi yoyote, chukua kiti ukae karibu na chungu siku moja uhesabu saa za jua linaloigusa moja kwa moja. Uani kwa Dar kuta za majirani hukata jua la asubuhi na paa likakata la jioni, na sehemu inayoonekana na mwanga mwingi inapata saa tatu tu. Hapo dawa ni kukibeba chungu kukipeleka mbele ya nyumba.